Ni Kawaida, Kunywa Maji

Kama kuna kiumbe ambacho Koleo alikidharau kuliko vyote, ni mtu aliyeshuka kitandani pake jana akapiga simu leo. "Mgongo unauma." Ebo! Umekandwa saa nzima, nyama iliyolala kitini miaka kumi imeinuliwa, imegeuzwa, imeamshwa, ulitaka ikuimbie? Bila shaka inauma. Ingekuwa haiumi ndiyo ungekuwa na sababu ya kupiga simu.

Koleo si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na fundi bomba mmoja, siku ya kwanza aliyolala kwenye kile kitanda chenye tundu la kutumbukiza uso. Fundi alivumilia dakika tano, kisha akapiga ukelele humo ndani ya tundu: "Jamani, hivi ni vidole au koleo?" Mwanamke akajifanya amekasirika, akabinua mdomo, lakini tangu siku ile ukimwita kwa jina la mama yake unasubiri sana kuitikiwa. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mfupi, kifua mbele, viganja vipana, na alikuwa amekanda watu kwa miaka ishirini na miwili.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Waligawana yeye na msusi kwa pazia. Upande mmoja nywele zikikaushwa kwa mashine hadi zinanuka, upande wa pili mafuta ya nazi kwenye bakuli lililowekwa ndani ya beseni la maji ya moto, taulo zimepangwa, kigoda cha kupandia kitandani, na ukutani cheti ndani ya fremu. Chini ya cheti alibandika kipande cha boksi alichokiandika mwenyewe kwa kalamu nene: MALALAMIKO SIKU YA TATU.

Maana yake ilikuwa hiyo hiyo. Ukimaliza kukandwa, Koleo anakupa hotuba huku anajifuta mikono, wala hakutazami. "Inuka polepole, kaa kwanza, ukikurupuka utapata kizunguzungu. Kunywa maji, nimesema maji, si soda. Utakwenda haja ndogo mara nyingi, nenda. Leo usibebe kitu. Oga maji ya moto, lala mapema. Kesho utajisikia kama mtu aliyelimishwa shamba zima. Ni kawaida, kunywa maji. Keshokutwa nafuu. Siku ya tatu ukiwa bado unaumwa, njoo."

Hotuba nzuri, haina kasoro kubwa. Lakini nani aliifuata? Karani mmoja alikandwa saa sita, saa nane yuko kwenye kiti kirefu na bia ya nne, saa tisa kaanguka chooni, akatangaza kazini kwamba amekatwa mshipa wa fahamu. Mama mwenye duka la vyombo alishuka ngazi akapokea katoni kumi na mbili za sahani, akazibeba mwenyewe hadi dukani. Kijana wa mazoezi, yule mwenye mikono imejaa na kichwa kimepwaya, alikwenda siku hiyo hiyo kunyanyua vyuma "kupima kama masaji imekubali." Wote walipiga simu kesho yake. Wote, kwa sauti ile ile ya mtoto aliyenyang'anywa andazi.

"Mwili wenyewe wa kuazima, na kuutunza hawajui," Koleo alikuwa akimwambia msusi. "Watu wazima hawa! Unawapa mwili mpya, wanautumia kama gari la wizi."

Ndiyo maana akaweka sheria yake. Kabla ya siku ya tatu simu hapokei, au akipokea ni kwa kutaka kucheka. Na kusema kweli sheria ilimpa raha, kwa sababu ikifika hiyo siku ya tatu wengi wanakuwa wamepona na wanaona haya kupiga. Kwa kuwa hawapigi, Koleo aliamini hakuna aliyewahi kuwa na neno la maana. Hakuwahi kujiuliza kama wapo walioacha kupiga kwa sababu walikwenda kupiga kwingine.

Kile cheti cha ukutani alikipata kwa mafunzo ya siku mbili. Alilazimishwa, watu wa leseni walisema bila cheti chumba kitafungwa. Mwalimu alikuwa msichana mwembamba, miwani mikubwa, akirusha picha ukutani. Msichana akasema: maumivu ya kawaida ni butu, yameenea, na kila siku yanapungua. Lakini mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa wa moto kuliko mwenzake, hasa kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kutembea, ondoa mkono wako hapo, mpeleke hospitali, kwa maana huenda ndani kuna damu iliyoganda na wewe utaisukuma ikapande kifuani. Koleo alisikia vizuri sana. Mjinga hakuwa. Ila alimwangalia yule msichana vile vidole vyake kama njiti, akasonya kimoyomoyo: hajawahi hata kumkanda bibi yake, huyu. Akala chakula cha mchana cha mafunzo, akachukua cheti, akaondoka.

Sasa tuje kwa wifi yake.

Mke wa mdogo wake alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo, aliyefanya kazi kwenye kibanda cha maegesho ya magari, anakaa ndani kutwa akikata risiti kupitia dirishani. Kwa miaka minane Koleo alimwita Yai, bila yeye kujua. Yai kwa sababu ukimgusa amepasuka. Moshi wa vitunguu unamwumiza macho. Feni inampa mafua. Siku ya harusi yake, siku ya harusi, alivua viatu wakati wa picha ati vinabana, na mpaka leo kwenye ile picha ya sebuleni yuko pekupeku pembeni ya bwana harusi aliyevaa suti. Koleo kila akiiona alikuwa anatazama pembeni.

Kisha Yai akakosa ngazi. Ngazi moja! Kifundo cha mguu wa kushoto kikapata ufa, akafungwa hogo, lile gamba jeupe gumu, kutoka vidoleni hadi chini ya goti, wiki tano. Koleo alikwenda kumtazama mara moja tu, na alichokikuta kilimtosha. Wifi mtu kakaa kwenye kochi, mguu juu ya mito miwili. Na jikoni, mdogo wake Koleo, fundi majokofu mwenye watu wake, mwanamume aliyebebwa mgongoni na Koleo mwenyewe alipokuwa mtoto, kasimama mbele ya karai la vyombo, povu mpaka kwenye viwiko, tena anapiga mluzi.

Hapo ndipo palipomuuma. Wala hapakuwa na lingine. Viatu, feni, vitunguu, hayo yote yalikuwa mapambo tu. Alikuwa amemlea yule kijana, na kijana hajawahi kumwoshea dada yake hata kijiko.

Hogo likatolewa. Baada ya wiki moja hivi mdogo wake akapanda ghorofani, amebeba mkoba wa spana, akasimama mlangoni pa pazia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Yai lako halijambo?" Lilimtoka. Mdogo mtu hakuelewa, au alijifanya hakuelewa.

"Mguu wake umekakamaa, dada. Nyuma huku kwenye kigimbi. Nimemwambia hakuna mwingine wa kumtengeneza ila wewe."

Koleo akavimba kwa sifa hiyo. "Mlete kesho asubuhi," akasema. "Nitamtoa uvivu wote kuanzia kisigino."

Jumanne asubuhi wakaja. Mume akamsaidia mkewe kupanda kigoda, akambusu kwenye paji la uso, tena mbele ya msusi, akaenda kazini. Koleo akafunga pazia kwa nguvu hata pete zikalia.

Tuseme kila kitu hapa, tusifiche. Mguu unaotoka kwenye hogo huwa umekonda. Kila anayekanda anajua hilo. Nyama iliyofungwa wiki tano hunywea, kigimbi kinabaki kama cha mtoto. Koleo alifunua taulo akaona kigimbi cha kushoto kimenenepa. Kilikuwa kikubwa kuliko cha kulia. Akaweka kiganja, na kiganja kikakuta moto. Haukuwa moto wa kukandwa, maana alikuwa bado hajakanda. Mikono ile ya miaka ishirini na miwili ilijua kabla ya kichwa. Ilisimama. Ilisimama kwa muda wa mtu kumeza mate.

Halafu kutoka ndani ya lile tundu ikaja ile sauti ndogo: "Wifi, taratibu, tafadhali. Hapo panauma kwa ndani sana."

Basi. Sauti hiyo tu. Koleo akaiona picha ya harusi, akaona mito miwili, akaona povu la sabuni. Akachota mafuta, akaanza. Alianza kwa viganja, akaja kwa vidole gumba, kisha akapanda na kiwiko. Yai akashika kingo za kitanda. Yai akauma taulo. "Vumilia," Koleo alimwambia, "wenzako wanazaa." Nusu saa nzima kigimbi kimoja. Na kama kuna mtu anadhani hakufurahi, alifurahi.

Alipomaliza akajifuta mikono. "Kesho utajisikia umelimishwa. Ni kawaida, kunywa maji."

"Asante, wifi," alisema yule mwanamke, macho mekundu, akashuka ngazi kwa makalio, moja moja, kwa sababu mguu haukukanyagika.

Jumatano, saa saba mchana, simu ikalia. Koleo alikuwa anakula, msusi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Koleo akaangalia jina, akatabasamu, akaweka sauti ya simu wazi ili wote wasikie.

"Wifi, shikamoo. Samahani kukusumbua. Mguu umevimba, nashindwa kukanyaga."

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya... ya pili."

"Ehe. Ukutani kwangu uliona pameandikwaje?"

"Niliona, wifi, ila huu ni—"

"Ni kawaida, kunywa maji." Akakata. Akakaza koo, akaigiza ile sauti ndogo: "Wifi, mguu umevimba! Wifi, upepo umenigusa! Wifi, kuku amenitazama vibaya!" Mteja mwingine, aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia, akacheka hadi machozi.

Msusi hakucheka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, chanuo kinywani muda mwingi, naye alikitoa chanuo. "Umevimba mmoja au yote miwili?"

"Nilikanda mmoja. Ulitaka uvimbe wa jirani?"

"Nauliza tu."

"Wewe suka."

Msusi akasuka. Lakini swali lile lilibaki pale chumbani kama mgeni asiyetaka kuaga. Koleo alikanda watu watatu mchana ule, na kila alipogusa kigimbi, kiganja kilimkumbusha ule moto. Akajifuta kwenye aproni. Akajifuta tena. Mara mbili alichukua simu, mara mbili akairudisha mfukoni. Kupiga kungekuwa kukubali. Kukubali nini? Kwamba Yai, mwanamke wa kulialia, ana la kusema lenye maana? Aka! Afadhali ameze jiwe. Na hivyo ndivyo alivyofanya, huyo mtaalamu wetu: aliamua mguu wa mtu usubiri heshima yake.

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, akapiga mdogo wake.

"Dada, huyu tangu alfajiri anahema. Hajapanda hata ngazi. Anasema akivuta pumzi kifua kinachoma upande mmoja. Na hiyo ni kawaida?"

Koleo alifungua mdomo kusema lile neno lake. Halikutoka. "Nakuja," akasema.

Kwa msusi alijikaza. Alitia chupa ya mafuta kwenye mfuko, akasema kwa sauti, "Ngoja nikalitoe Yai kwenye ganda lake," akashuka taratibu mpaka chini ya ngazi. Alipopita duka la magodoro na kuhakikisha hakuna anayemwona, akaanza kukimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, kifua mbele, mfuko unampiga pajani, anakimbia mchana kweupe, na huku anakimbia bado anajiambia kwamba anakwenda kumuumbua mtu.

Aliwakuta kwenye chumba cha mbele. Yai alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kochi, mdomo wazi. Mume wake kapiga magoti pembeni, ana kikombe cha maji mkononi. Maji! Alikuwa anamnywesha maji tangu juzi, jagi kwa jagi, kwa kumwamini dada yake.

"Shikamoo... wifi," alisema Yai. Maneno mawili, na katikati akavuta pumzi.

Hakulalamika. Hakusema panauma. Hilo ndilo lililomwogopesha Koleo kuliko yote, kwa sababu kwa miaka minane alikuwa amezoea kumsikia. Akainama, akapandisha gauni. Mguu wa kushoto ulikuwa umejaa hadi ngozi inang'aa, mwekundu kuelekea kwenye zambarau, na juu ya kigimbi palikuwa na madoa manne ya bluu yamepangana, na la tano kubwa upande wa pili. Vidole vyake mwenyewe. Alivitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Akaweka mgongo wa kiganja, akauondoa haraka.

"Mbebe," alisema.

"Eh?"

"Mbebe hospitali, sasa hivi. Asikanyage, asitembee hata hatua moja, mbebe!"

"Dada, si ulisema ni kawai—"

"Nilisema upumbavu! Mbebe, mwanangu, mbebe!"

Akambeba. Koleo alitangulia barabarani, akasimama katikati ya njia mbele ya teksi ya kwanza aliyoiona, akapiga boneti kwa viganja vyote viwili. Dereva akamtukana. Koleo akafungua mlango wa nyuma.

Hospitali waliwapokea haraka kuliko alivyotegemea, na haraka ile ilimtisha zaidi. Yai akatiwa kwenye kitanda cha magurudumu, akapitishwa kwenye mashine moja, akapitishwa kwenye nyingine, akachomwa sindano tumboni, akawekewa mpira wa hewa puani. Baada ya muda akaja daktari, mwanamke kijana, amechoka, kalamu mbili kwenye nywele. Akavuta pazia la kitanda. Walikuwa wanne humo ndani: mgonjwa, mumewe, Koleo, na yeye daktari.

"Damu imeganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu," alisema. "Hutokea kwa mtu aliyefungwa hogo muda mrefu. Tatizo ni kwamba kipande kimekatika, kimepanda kwenye pafu. Tumemwanzishia dawa. Kikikatika kingine kikubwa kabla dawa haijashika, sitawadanganya, tunaweza kumpoteza. Kwa hiyo atalala, hatainuka hata kwenda chooni." Akageuza karatasi. "Haya madoa ya kwenye kigimbi ni ya nini? Mguu huu ulikandwa?"

Mdogo wake Koleo akamtazama dada yake. Koleo akatazama gurudumu la kitanda.

"Ulikandwa, daktari," alisema Yai.

"Na nani? Mtaalamu?"

Yai akavuta hewa kwenye mpira. "Hapana. Ndugu tu. Wa nyumbani."

Daktari akasonya. Hakuwa na adabu nyingi, au alikuwa amezimaliza kwa wagonjwa waliotangulia. "Ndiyo hao hao. Mtu hajui mshipa ni upi, msuli ni upi, anakamata mguu wa mwenzake anaukanda kama chapati. Mtaalamu angeona. Mguu umetoka kwenye hogo umenenepa badala ya kukonda, halafu wa moto! Mtaalamu hata mafuta asingefungua. Hawa ndugu zenu, mama, muwe mnawanyima miguu." Akaandika. Koleo aliisoma karatasi kwa juu juu: *amekandwa na ndugu*.

Sasa, hapo Koleo alikuwa ameokolewa. Yai alikuwa amemfunika, tena kwa pumzi ambazo hakuwa nazo za kutosha. Angenyamaza tu, habari ingeishia nyuma ya lile pazia. Jina lake lingebaki, wateja wangebaki, boksi lingebaki ukutani. Lakini mwangalieni mtu huyu: mwenzake anahema kwa mpira, hajulikani kama atafika kesho, na yeye kilichomchoma moyoni mpaka akashindwa kusimama vizuri ni kuitwa *ndugu tu*.

"Mimi si ndugu tu," alisema. "Mimi ni mtaalamu. Miaka ishirini na miwili. Nina cheti."

Kalamu ikasimama. Daktari akainua uso, akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, bila haraka.

"Una cheti."

"Ninacho."

"Basi ulifundishwa. Na hukuona kwamba mguu umenenepa?"

Hapo ndipo Koleo alipoona alichokifanya. Kiburi kilikuwa kimemvuta mpaka katikati ya uwanja, kikamwacha hapo. Angeweza kusema hakuona. Angekuwa mtaalamu mbovu, basi. Dunia imejaa wataalamu wabovu na inawalisha. Lakini wifi yake alikuwa anamtazama kutoka kwenye mto, na wifi yake alikuwepo kile kiganja kiliposimama.

"Niliona," alisema.

"Na moto?"

"Niliusikia. Mkono ulisimama."

"Halafu?"

"Halafu nikaendelea."

Daktari hakusonya tena. Alikata maneno mawili kwa mstari, akaandika mengine, akafunga faili. "Tutazungumza baadaye, mimi na wewe," alisema, akatoka. Mdogo wake Koleo akamgeukia dada yake. "Uliusikia, dada?" alisema. Hakungoja jibu. Aliliinamia paji la uso la mkewe, akalibusu, akapita pembeni ya Koleo bila kumgusa, naye akatoka.

Wakabaki wawili. Mashine ilikuwa inalia taratibu. Koleo hakujua mikono yake aiweke wapi, akaikalia.

"Ulisema ndugu tu," alisema, ili aseme kitu. "Ulikuwa unanificha?"

"Sikuwa nakuficha wewe." Yai aliongea kwa vipande, akingoja hewa. "Nilikuwa namficha yeye. Asijue. Kwamba dada yake... ananichukia kiasi hicho."

Koleo akageukia lile pazia alilotokea mdogo wake.

"Nikuulize, wifi. Ile Jumanne. Ulikuwa unanikanda, au unanipiga?"

Lilikuwa swali la kawaida, la sauti ndogo, wala halikuwa na machozi ndani yake. Koleo alitafuta hasira yake ya kila siku ili aegemee hapo, akaikosa. Alitafuta ile picha ya harusi, akaona tu mtu aliyebanwa na viatu akavivua.

"Nilianza kwa kukukanda," alisema.

Yai akafumba macho muda mrefu, mpaka Koleo akasimama kwa hofu kuangalia kama kifua kinapanda. Kilikuwa kinapanda. Kisha yakafumbuka tena, makavu, na ndani yake palikuwa na utulivu wa mtu aliyeshapata pa kubonyeza, kitu ambacho Koleo alikifahamu vizuri, maana alikuwa ametazama watu hivyo kwa miaka ishirini na miwili, ila hakuwahi kutazamwa hivyo yeye.

"Kaa chini," alisema Yai. "Saa kumi watu wataruhusiwa kuingia. Watakuja wengi. Kila mtu atauliza mguu umefanya nini. Mimi pumzi ya kueleza sina." Akavuta hewa. "Utaeleza wewe. Kila mmoja. Kama ulivyomweleza daktari, usipunguze."

"Wifi, nakuomba—"

"Kaa."

Akakaa. Saa kumi ilipogonga, pazia likavutwa kabla hajajiandaa. Alikuwa mama yao, mama wa Koleo na wa yule fundi majokofu, kanga begani, chupa ya uji mkononi, amepanda ghorofa mbili na miguu yake mibovu. Alimpita binti yake bila kumwona, akaenda moja kwa moja kwenye mto, akamshika mkwewe shavu.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Mguu umefanya nini tena?"

Yai aligeuza uso kidogo kuelekea kwenye kiti. Mama akafuata macho yake, akamwona binti yake amekalia mikono, na uso wake ukakunjamana kwa hasira ya mzazi.

"Na wewe upo? Mwenzako anavimba siku zote hizi, na wewe na mikono hiyo yote inayosifiwa mji mzima, ulikuwa wapi?"

Nje ya pazia zilisikika sauti za wengine wakiuliza kitanda ni kipi, na mmoja wao alikuwa msusi. Koleo akatoa mikono chini ya mapaja, akaiweka magotini, wazi.

"Nilikuwepo, mama," alisema, akaanza kueleza.